Kupe kwa mtoto na kwa mbwa: anatolewaje, na kwa nini wanarudi?

NyasiNdefu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Nyumbani kuna watoto wawili, wa miaka 4 na 9, mbwa mmoja na paka mmoja. Mbwa anaogeshwa dawa kila akionekana na kupe, lakini wiki haiishi wamesharudi. Jana kupe mdogo amekutwa ameganda nyuma ya goti la mtoto wa miaka 4. Ametolewa kwa kucha na kuna kitu cheusi kimebaki kwenye ngozi. Kila jirani ana lake: mafuta ya taa, vaselini, njiti ya kiberiti. Naomba wenye ujuzi mnisaidie:

1. Kupe anatolewaje sawasawa, na hicho kilichobaki nikifanyeje?
2. Dalili zipi zinafanya nimpeleke mtoto hospitali?
3. Watoto nawakinga vipi?
4. Kwa nini mbwa anarudiwa, na je, dawa ya mbwa naweza kumpaka paka?

Asanteni.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Nianze na hicho cheusi, maana ndicho kinachotia watu hofu bure. Si kichwa kizima, ni vipande vya mdomo. Kupe huzamisha kwenye ngozi mdomo wenye miiba iliyoelekea nyuma, na aina nyingi hutoa pia ute unaoganda na kumshikilia pale pale. Ndiyo maana ukimvuta ovyo anakatika. Tezi za mate, ambako vimelea vingi hutokea, zimeondoka na mwili wake, kwa hiyo kipande hicho peke yake hakiendelei kumwambukiza mtoto. Kikishikika kirahisi kwa kibano, kitoe. Kisiposhikika, osha kwa sabuni na ukiache. Ngozi itakisukuma nje yenyewe. Uvimbe wenye usaha wanaoletwa nao kliniki watoto wengi hutokana na kuchokonolewa kwa sindano au pini, si kupe mwenyewe.

Safari ijayo tafuta kibano chenye ncha nyembamba. Kile cha nyusi chenye ncha pana na bapa hubana tumbo la kupe badala ya mdomo, na kwa kupe mchanga wa milimita 1 au 2 hakifai kabisa. Tenga nywele, weka mwanga wa kutosha, kisha mshike pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, ncha za kibano zikiwa zimegusa ngozi yenyewe. Vuta kuelekea juu moja kwa moja, polepole, kwa nguvu ile ile. Ngozi itanyanyuka kidogo pamoja naye na utadhani hatoki. Usinyakue. Endelea kushikilia hivyo hivyo, baada ya sekunde kadhaa anaachia. Usimzungushe. Kinachozungushwa ni ile kulabu ya plastiki yenye mwanya, kwa sababu hupita chini ya kupe bila kumbana. Ukiwa nayo fuata maelezo yake.

Huna kibano? Tumia vidole vilivyofunikwa kwa karatasi laini au glavu, umshike chini kabisa karibu na ngozi. Kumtoa sasa hivi kwa vidole ni bora kuliko kumwacha hadi kesho ukitafuta kifaa.

Akishatoka, osha jeraha na mikono kwa sabuni na maji, au futa kwa spiriti. Kupe mtie kwenye kichupa chenye spiriti, au mfunge katikati ya mkanda wa gundi. Usimpasue kwa kucha. Damu na majimaji yake vinaweza kuingia kwenye mikwaruzo ya vidole, na homa ya kutokwa damu ya Krimea na Kongo ni mojawapo ya magonjwa yanayopatikana kwa njia hiyo hiyo. Juu ya kichupa andika tarehe na sehemu ya mwili alikokutwa. Mtoto akiumwa wiki mbili baadaye, maandishi hayo mawili yatamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukumbuka.

---

Mzee_wa_Zizi

Vaselini msiitupe hivyo. Kupe akizibwa pumzi anaachia mwenyewe, wala haachi mdomo ndani.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Shikamoo mzee. Tatizo ni kwamba kupe hapumui kwa haraka kama sisi. Ana vitundu vya hewa ubavuni, na anaweza kukaa muda mrefu sana bila kuvifungua. Ukimpaka vaselini asubuhi unaweza kumkuta yuko hai jioni, na muda wote huo mdomo uko ndani. Zaidi ya hapo, vaselini inamfanya ateleze, kwa hiyo hata kibano kikija hakimshiki tena. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya mtoto, njiti ya kiberiti ndiyo usiseme. Na kupe anayesumbuliwa hivyo anaweza kutema mate zaidi ndani ya jeraha, ambayo ndiyo hasa tunayoyakimbia.

Vimelea vingi havivuki dakika ile ile anapouma. Vya Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, kwa kawaida huhitaji kupe awe ameganda zaidi ya saa 24. Vya homa za riketsia (kundi jingine la bakteria) huvuka mapema zaidi, na virusi kama vya homa ya ubongo ya kupe vinaweza kupita ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kila saa unayookoa ina faida.

---

Dk_Homa

Swali la pili. Kwanza tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kiwekundu kidogo kinachowasha, kinachotokea siku ile ile au kesho yake na kufifia, ni ngozi kukasirikia mate ya kupe. Hakihitaji antibiotiki. Wekundu wa Lyme huja kati ya siku ya 3 na ya 30, mara nyingi karibu na siku ya 7, na huendelea kupanuka hadi kuvuka sentimita 5. Mara nyingi hauumi wala hauwashi, ndiyo maana mgongoni hauonekani hadi mtu mwingine auone. Ile picha ya pete iliyo wazi katikati ambayo kila mtu anaisubiri si lazima itokee; wengi hupata doa lililojaa rangi moja. Kwenye ngozi nyeusi doa laweza kuonekana la zambarau au jeusi kuliko ngozi ya pembeni, kama alama ya pigo. Njia rahisi ya kulifuatilia: chora ukingo wake kwa kalamu ya wino leo, upige picha, halafu tazama kesho kama limevuka mstari.

Likionekana doa la namna hiyo kwa mtu aliyetoka sehemu zenye Lyme (Ulaya, Amerika Kaskazini, baadhi ya nchi za Asia), daktari huanza tiba kwa macho tu. Kipimo cha damu wiki za mwanzo mara nyingi hutoka hasi kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Jibu hasi mapema hivyo lisikutulize.

Kusini mwa Sahara sura ya kawaida ni nyingine: homa ya kupe ya Kiafrika, inayoletwa na riketsia. Hapa tafuta kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale alipouma, wakati mwingine viwili au vitatu, kwa sababu kupe wa aina hiyo hushambulia kwa wingi. Pamoja nacho huja homa, kichwa kuuma, misuli kuuma, na tezi zilizovimba kinenani au kwapani upande wa jeraha. Mgonjwa akiwa eneo la malaria atapimwa malaria kwanza, na ni sawa. Ila kipimo kikitoka hasi, onyesha kile kigaga. Wengi hawakitaji kwa sababu hakiumi, au kimejificha chini ya nguo ya ndani.

Mpeleke mtoto bila kusubiri akipata lolote kati ya haya ndani ya mwezi mmoja: homa, upele unaosambaa (hasa viganjani na nyayoni), kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, uso kulegea upande mmoja, au kutokwa damu bila sababu. Homa za riketsia zilizo kali, mfano ile ya milima ya Rocky huko Marekani, zinaweza kuua ndani ya siku chache, na dawa yake ni doksisaiklini inayoanza kabla majibu ya maabara hayajarudi. Madaktari huitoa hata kwa watoto wadogo katika hali hiyo, kwa hiyo usishtuke ukiiona kwenye cheti.

Miguu ikilegea na ulegevu ukapanda kuelekea juu, mkague mwili mzima kabla ya lolote, hasa kichwani ndani ya nywele na nyuma ya masikio. Kupe jike wa aina fulani hutoa sumu ya neva, na mara nyingi nguvu hurudi akishatolewa. Mpelekeni hospitali hata hivyo, maana sumu ikifika kwenye misuli ya kupumua ni hatari, na kwa kupe wa Australia hali inaweza kuzidi hata baada ya kumtoa.

Kumeza antibiotiki kwa kila kupe aliyeuma si utaratibu. Kuna dozi moja ya kinga ya doksisaiklini, miligramu 200 kwa mtu mzima, inayotolewa ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe. Hiyo ni kwa Lyme tu, kwenye eneo lenye Lyme nyingi, kwa kupe wa jamii inayoibeba na aliyeganda saa 36 au zaidi. Nje ya hapo hainufaishi kitu.

---

Papasi_Hapana

Naongeza dogo. Ukiamka na alama za kuumwa lakini hukuti mdudu yeyote ameganda, usimsake kupe wa majani. Papasi ni ndugu yake mwenye ngozi laini, anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, anatoka usiku, ananyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Homa yake huja siku kadhaa, inaachia, halafu inarudi tena. Mwambie daktari kwamba homa inakatika na kurudi, apime damu wakati homa iko juu, maana ndipo vimelea vinapoonekana kwa hadubini. Kuziba nyufa na kulala kwenye kitanda kilichoinuliwa na kusogezwa mbali na ukuta kunasaidia kuliko dawa ya kujipaka.

---

Vet_Mtaa_wa_Pili

Nijibu namba 4 kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Anayerudi ndani ya nyumba kila wiki mara nyingi ni kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya kuta nne bila kukanyaga jani. Kupe mchanga wa miguu sita hunyonya kwa siku chache, anadondoka, anajibadili ngozi. Anapanda mbwa tena akiwa na miguu minane, ananyonya, anadondoka. Akiwa mzima anapanda mara ya tatu. Jike akishiba anashuka, anapanda ukutani kutafuta ufa, na kutaga mayai maelfu mara moja. Kwa hiyo wale unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Dawa ya kuogesha inaua wa siku ile, inakauka, inaisha nguvu, na waliokuwa nyuma ya ubao wa ukuta wanashuka kula. Dawa inafanya kazi, kosa ni kuitumia mara moja moja.

Mbwa anatakiwa awe na kinga isiyokatika kwa miezi 3 hadi 4 angalau, ili kila kizazi kinachotoka mafichoni kikutane na sumu. Chagua moja:

Vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini. Vingine ni vya kila mwezi, kingine kinakaa wiki 12. Vinapitia kwenye damu, kwa hiyo kupe lazima aume ndipo afe, na inaweza kuchukua hadi siku nzima. Ukimwona kupe juu ya mbwa baada ya kidonge usikimbilie kusema dawa ni feki; mguse, mara nyingi ameshanyauka. Mbwa mwenye historia ya kifafa mjulishe daktari kwanza.

Dawa ya matone, mfano fipronili. Inapakwa kwenye ngozi kati ya mabega, siyo juu ya manyoya. Inasambaa kupitia mafuta ya ngozi, kwa hiyo usimwogeshe saa 48 kabla wala saa 48 baada. Mtu anamsugua mbwa kwa shampuu asubuhi, jioni anampaka, halafu analalamika. Fipronili usimpake sungura hata kidogo, inamuua.

Kola yenye flumethrini na imidaklopridi, hadi miezi 8. Iguse ngozi, vidole viwili vipite chini yake, na kipande kinachoning'inia kikatwe ili asikitafune.

Nunua kwa uzito wa mbwa. Kugawa kichupa cha mbwa wa kilo 40 kwa mbwa wawili wadogo ni kubahatisha, kwa sababu huwezi kujua umempa kila mmoja kiasi gani.

Sasa paka. Jibu ni hapana. Dawa nyingi za matone za mbwa zina pemethrini (sumu ya wadudu), na ini la paka haliwezi kuivunja. Matone machache yanatosha kumletea mtetemeko wa masikio na misuli, kisha degedege, kisha kifo. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita, au kumlamba, kunatosha, kwa hiyo watenganishwe hadi dawa ikauke kabisa na kwa muda ulioandikwa kwenye boksi. Paka akiguswa nayo, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, umfunike apate joto, na mkimbize kwa daktari. Maji ya moto yanaongeza unyonyaji wa dawa kwenye ngozi, ya baridi yanazidisha mtetemeko. Paka ana dawa zake. Boksi liwe na neno paka.

Upande wa nyumba: fyonza vumbi kwenye kona, nyuma ya mbao za ukutani na chini ya makochi, kisha mfuko wa mashine ufungwe na kutolewa nje siku hiyo hiyo. Matandiko ya mbwa yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki. Ziba nyufa. Dawa ya kunyunyiza haiui mayai sawasawa, kwa hiyo nyunyiza tena kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kopo. Paka na tangi la samaki viondolewe kabla, kwa sababu pemethrini ni sumu kali kwa samaki.

Kumkagua mbwa pitisha vidole bila haraka: ndani ya masikio, kwenye kope, chini ya kola, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na kati ya vidole vya miguu, mahali ambapo wengi hawafiki. Ukigusa kinundu fungua manyoya utazame kabla ya kuvuta. Kuna watu wanavuta chuchu. Mbwa dume pia anazo, zimepangwa mistari miwili tumboni, na hazina miguu.

Akiwa mnyonge, hataki kula, ana homa, fizi zimepauka, mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia, au anatokwa damu puani, apelekwe leo. Hizo zinaweza kuwa dalili za babesia au eliki, magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe, na huja wiki moja hadi nne baada ya kuumwa, wakati kupe mwenyewe ameshaondoka.

---

Mkata_Njia

Swali la 3 halijaguswa. Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini. Anapanda ncha ya jani, ananyoosha miguu ya mbele na kusubiri kitu kipite. Anahisi joto na hewa unayoitoa. Ukimkuta kichwani mwa mtoto, ujue kapanda kutoka chini, au mtoto alilala kwenye nyasi.

Suruali ndefu ya rangi nyepesi, ncha zake zikiwa ndani ya soksi. Haipendezi, lakini kupe analazimika kutembea nje ya nguo, unamwona. Tembeeni katikati ya njia. Viatu, soksi na suruali vinaweza kunyunyiziwa pemethrini ya asilimia 0.5 nje ya nyumba na kuachwa vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Hiyo ni ya nguo tu, isipakwe ngozini, na paka akae mbali hadi nguo zikauke.

Kwenye ngozi: dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 au ikaridini ya asilimia 20. Namba kubwa inaongeza muda, haiongezi makali. Mpake wewe mtoto, usimwachie. Viganja vyake, macho na mdomo viachwe. DEET haitumiki kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na dawa ya mafuta ya mkaratusi wa limau haipakwi watoto wa chini ya miaka 3. Ikiwa kuna mafuta ya jua, yatangulie. DEET inayeyusha plastiki, angalieni miwani na saa.

Mkirudi, nguo zikiwa bado kavu ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu dakika 10, kabla ya kufuliwa. Kupe anavumilia maji kuliko ukavu, ndiyo maana kufua kwa maji baridi kunamwacha hai. Muoge ndani ya saa mbili, na wakati wa kuoga kagua: nyuma ya masikio, nywele, kwapa, kitovu, kiuno, kinena, nyuma ya magoti.

Uwanjani, kata nyasi fupi na fagia majani makavu, jua lipige ardhi. Ukanda wa kokoto wa upana wa mita 1 kati ya kichaka na mahali watoto wanapocheza unasaidia.

---

NyasiNdefu

Nawashukuru sana wote. Kile cheusi nimekiacha, na tarehe nimeiandika. Swali la mwisho kwa daktari wa mifugo: mbwa nimekuwa nikimwogesha dawa ya ng'ombe ya amitrazi, kifuniko kimoja kwenye ndoo. Niendelee hadi vidonge vipatikane?

---

Vet_Mtaa_wa_Pili

Acha kifuniko. Vifuniko havilingani, na ndoo ya lita 10 si ya lita 20. Amitrazi ya asilimia 12.5, ukiweka mililita 2 kwa lita 1 ya maji unapata sehemu 250 kwa milioni. Kifuniko cha mililita 10 kwenye ndoo ya lita 20 kinakupa robo ya hiyo, yaani unamwogesha bure. Kwenye lita 2 umezidisha mara mbili na nusu. Mbwa aliyezidishiwa anasinzia, moyo unapungua kasi, mwili unapoa, sukari inapanda. Mchanganyiko uliolala nao hauna kazi, unapoteza nguvu.

Pima kwa bomba la sindano kama lebo ya dawa yako inamtaja mbwa na kiwango chake. Kama haimtaji, iache. Mbwa mchanga, mwenye kisukari au mgonjwa asiguswe nayo, na paka kabisa. Tena hakikisha kopo ni amitrazi kweli: dawa nyingine za josho ni za jamii ya oganofosfeti, na hizo zikizidi kwa mbwa huleta mate mengi, kuhara, mboni kusinyaa na misuli kurukaruka. Wanaopendekeza sindano ya ivemektini ya ng'ombe pia usiwasikilize. Kwa kupe haina nguvu ya kutegemewa, na mbwa wa jamii ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo) inaweza kuwaua.

Hadi vidonge vipatikane, kibano kila jioni na kichupa cha spiriti kinatosha. Paka naye mkague.